Mengineyo

Makopo saba ya biskuti, kadi elfu moja mia moja na arobaini,
na kompyuta moja ambayo mzee Crowther anaogopa kuigusa.
"Anza na A," akasema,
akapanda zake juu kuchemsha maji.

Mvua ya Huddersfield haina pupa,
inanyesha kama mtu anayehesabu chenji.
Nami nahesabu: jina, simu, mtaa, msimbo wa posta,
aina ya kinanda, lini kilikazwa nyuzi mara ya mwisho.
Programu inataka kila neno na kisanduku chake.
Nyota nyekundu: hapa lazima.
Naijua nyota hiyo. Mwaka nilioingia nchi hii
ilinidai jina la ukoo,
na mimi, Mwanahamisi binti Kombo bin Shaali,
nikatoka upande wa pili ni M. Shaali.
Tangu siku hiyo barua zangu huandikiwa babu,
aliyefariki Pangani kabla sijaota meno.

Kadi za mzee hazijui visanduku.
Penseli, miaka hamsini ya penseli:
Bwana Lumb, mbwa anauma, ila ukiimba hutulia.
Kina Haigh hulipa kwa mayai, usikatae.
Kanisani, panya wamezaa chini ya pedali. Nimewaacha.
Bi. Priestnall, usimuulize habari za kijana wake.

Haya niyaweke wapi?
Kwenye "Chanzo cha mteja"? Kwenye "Kiasi kilicholipwa"?
Nilijaribu mayai kumi na mawili. Ikakataa,
ikanikumbusha kwamba hapo ni pauni.

Herufi S, saa tisa alasiri, skrini ikasema:
Rekodi hizi zinafanana kwa asilimia tisini na sita. Unganisha?
D. Sykes, nyumba nambari kumi na nne.
D. Sykes, nyumba nambari kumi na nne.
Kidole kilikuwa tayari juu ya Ndiyo
(nilishachoka, na ndiyo ni neno jepesi)
nikasita, nikaita kuelekea ngazini.
"Hao ni mama na bintiye," akajibu, kijiko kikigonga kikombe.
"Doris alikuwa mpigaji. Dinah hajui hata noti moja.
Kila Novemba huniita nikaze nyuzi,
hukaa kitini na koti lake mwilini, akisikiliza nikigonga
sauti moja, moja, moja,
nikimaliza hukifunga mpaka mwaka ujao."

Nikabonyeza Hapana.
Programu ikataka sababu, ikanipa tatu nichague.
Hiyo haikuwemo.

Basi nikafungua kisanduku kipya, kirefu, kisicho na nyota,
na kwa kuwa hakikubali kukaa bila jina
nikakiita Mengineyo,
kama ajenda ya mwisho ya vikao vyetu,
pale watu wanapoanza kusema walichokuja kusema.
Imogen, mpwa wake, aliyeinunua programu,
akapiga simu kutoka Leeds: "Neno hili ni la nini?"
Nikamwambia ndimo anamokaa mbwa.

Ijumaa nikafika chini kabisa ya kopo la saba.
Kadi ya mwisho haikufuata herufi:
Crowther, ghorofa ya juu. Kinanda cheusi cha wima.
Tarehe moja tu, ya Machi, miaka kumi na tisa nyuma,
kisha mistari mitupu hadi ukingoni.
Mganga hajigangi, hilo nililijua.
Sikujua kwamba hujiandikia kadi.
Kwenye Mengineyo nikanakili penseli yake ilivyo:
"Si sasa."

Lakini kisanduku cha miadi ijayo kina nyota nyekundu,
na bila hicho haihifadhi.
Juu, birika likaanza kupiga mbinja, sauti yake imepinda kidogo,
naye, sikio lilivyozeeka, hakuisikia.
Nikaandika Jumanne, saa nne asubuhi.
Ikakubali.