Futi Sita Juu ya Nyasi

Futi sita. Hata paa la jiko la mama lilikuwa juu zaidi.
Nilining'inia hapo, saa mbili na robo asubuhi,
Soroti, ule mwamba mbele ya kioo
kama mtu aliyegoma kuhama,
na mwalimu Ekwaru kando yangu akitafuna kijiti,
mikono magotini, ili nione kwamba ananiamini.

Kwenda mbele si kazi, alizoea kusema.
Kazi ni kusimama.
Mkono wa kushoto unaomba nguvu, wa kulia unaomba radhi,
miguu inabishana na mkia,
na ukishajua la kufanya, umeshachelewa kulifanya.

Nilikuwa nimesimama.
Saa ishirini na moja angani, kwa mujibu wa daftari langu,
na kwa mara ya kwanza kile chuma kilitulia chini yangu
kama ng'ombe aliyekubali kukamuliwa.
Nakiri: nilitabasamu.

Kisha pua ikaenda kulia.

Haikushtuka. Ilikwenda kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa.
Nikakanyaga kushoto. Ikaendelea.
Nikakanyaga mpaka pedali ikagota,
goti limenyooka, kiatu kimepinda,
mwamba ukapita kiooni,
likapita hangari, likapita tangi la maji, ukapita ua wa waya,
na mwamba ukarudi, upesi zaidi,
kama vile Soroti ina miamba miwili.

"Niachie!" alisema Ekwaru.
Lakini vidole vyangu vilikuwa vimesahau lugha zote,
Kiteso, Kiswahili, na ile ya mnara wa kuongozea.
"Amuge, niachie!"
Kijiti kilikuwa bado mdomoni mwake.

Ski ya kulia iligusa kwanza.
Panga likachimba ardhi mara moja, mara ya pili halikuwepo.

Halafu tukawa tunaning'inia kwenye mikanda, kiubavu,
petroli ikinuka, vumbi likishuka taratibu
kama lina siku nzima.
"Zima," akasema.
Nikazima kitu kilichokwisha kujizima.

Walikuja. Gari la zimamoto lilisukumwa, betri haikuwa nzima.
Fundi Opolot alinihesabu vidole, akarudia kuhesabu.
Na kwenye tundu la ua akapenya mwanamke,
ungo mkononi, mtoto mgongoni, nywele zimejaa wimbi.
Hakuuliza kama tumeumia.
Aliuliza nani atamlipa. Debe zima, alisema,
mmelipuliza hadi barabara ya Moroto.

Tume iliketi. Iliandika kurasa kumi na saba.
Soksi ya upepo, waliandika, ilijisokota mlingotini;
ilipangiwa kubadilishwa Jumatatu.
Ajali ilikuwa Alhamisi.
Wa mwisho kuulizwa alikuwa yeye, Asekenye,
kwa kuwa alikaa benchini tangu asubuhi akingoja pesa yake.

"Upepo? Ulihama.
Ulikuwa ukinijia mgongoni, ukaja ubavuni.
Mimi niligeuza ungo.
Nikawatazama hawa, nikasema, mbona hawageuki?"

Karani aliinua kalamu, akaiweka chini.
Kwenye kurasa kumi na saba, neno hilo halimo.

Ekwaru sasa anatembea na kijiti kikubwa zaidi.
Mimi nilirudi angani baada ya miezi minne,
na kabla sijasimama juu ya nyasi yoyote
natazama soksi, kisha siiamini,
natafuta moshi, kanga kwenye kamba,
mtu yeyote mwenye kazi inayohitaji upepo.

Wimbi nilimpelekea mwenyewe, debe moja na nusu, la sokoni.
Hakushukuru. Alichota, akarusha, akasikiliza linavyoanguka.
"Limejaa makapi," alisema,
na makapi yote yakanijia usoni:
nilikuwa nimesimama, tena,
upande usiofaa.