Kiasi na Asili

Ofisi kuu yataka ripoti ya miaka kumi na miwili:
kurasa mbili, namba ziwe wazi, na picha moja ya watu wakitabasamu.
Mimi ndiye karani wa Shahada ya Uzamili ya Afya ya Jamii,
mwenye funguo, mwenye mhuri, mwenye kujua nani hajalipa.
Basi naandika.

Mwaka wa kwanza: wanafunzi sita.
Siandiki kwamba darasa lilikuwa stoo ya vyandarua,
pale Tudor, nyuma ya zahanati,
na Dakta Shee Lali akifundisha wima
kwa kuwa kiti cha saba hakikuwapo.
Alichora ubaoni mstari mmoja wa kulala.
Juu yake: kiasi. Chini yake: asili.
"Ukiniambia watu tisa wameharisha Mtopanga
hujaniambia kitu. Tisa katika wangapi?
Kiasi bila asili ni umbeya."
Tukacheka, hata mimi niliyekuja kuleta chaki.

Mwaka wa tatu: kumi na tisa.
Siandiki viti vya arusi tulivyokodi Majengo,
vitambaa vyekundu, vikinukia udi,
wala mwenyewe alivyokuja kuvidai katikati ya mtihani.
Wakamalizia wima, karatasi wameziegemeza ukutani.
Wote walipita ila mmoja,
na huyo ndiye aliyebakiziwa kiti.

Mwaka wa tano kipindupindu kiliingia.
Daftari la mahudhurio ni jeupe wiki saba.
Ofisi kuu iliandika pembeni, kwa wino mwekundu: utoro.
Walikuwa Maweni, walikuwa Mtopanga,
kisima baada ya kisima, na vichupa vya kupimia maji,
na Nyamvula Mwachiro ndani ya buti za kuazima
akihesabu wazima.
Wagonjwa hospitali ilishawahesabu; yeye alitaka wazima.
"Hodi. Humu mwalala wangapi?"
Hata mbwa wakamzoea.

Mwenye kisima kimoja alimfungia lango.
"Babu alinwa maji haya, akafa na miaka tisini."
Nyamvula akaandika: mmoja.
Kisha akauliza, kwa adabu,
"Na ndugu zake babu, waliozaliwa tumbo moja naye,
walikuwa wangapi?"
Yule bwana akaanza kuhesabu kwa vidole,
huyu alikufa mchanga, huyu alikufa mchanga.
Alipofika mkono wa pili
akalifungua lango.

Mwaka wa nane: thelathini na wanne, walimu watano,
maabara mpya, utepe, keki,
kiyoyozi kinachovuja juu ya hadubini.
Mwaka huo huo, Mtongwe, mtoto wa dada yangu
aliharisha siku tatu. Ya nne hakuiona.
Hilo halina safu kwenye jedwali.

Mwaka wa tisa Dakta Shee alistaafu.
Tulimpa saa ya ukutani. Akaigeuza, akaitazama mgongo.
"Yajua kuhesabu," akasema, "lakini haijui kugawa."

Hadi leo wamehitimu mia mbili kumi na wanne.
Naitazama namba hii. Imekaa peke yake ukurasani
kama mgeni asiyeulizwa atokako.
Nachukua rula, nachora mstari chini yake.
Na chini ya mstari niandike nini?
Kisiwa? Kisiwa na ng'ambo zake zote?
Waliopona bila kujua walikuwa karibu kuugua,
nao wamo? Na yule wa Mtongwe?
Naandika, nafuta. Karatasi yaanza kutoboka.

Mlango wabishwa. Ni kijana, shati limepigwa pasi upande mmoja,
jina lake Msanzu, muuguzi wa Miritini, ataka fomu.
Nampa fomu. Nampa na kalamu, maana hana.
Halafu namuuliza lisiloulizwa na fomu:
"Kwenu, mwanangu,
mwalala wangapi?"