Acha Icheze Kidogo

Fuso ilipanda kwangu Newala siku ya Jumatatu,
haina ubavu, haina bodi, mgongo mtupu wa chuma na mbao,
na katika nyufa za mbao korosho za misimu mitano,
nyeusi kama meno ya mvuta kiko.

Somoe Chinduli akashuka upande wa dereva
na karatasi iliyokunjwa mara nane.
"Fundi, nataka nyumba hapa.
Si bodi. Nyumba.
Na mlango ufungwe kwa ndani."

Miaka ishirini na miwili alikuwa karani wa minada,
leo Tandahimba, kesho Nanyamba, keshokutwa Luagala,
mchana akiandika kilo za watu,
usiku akiegemeza kiti kwenye mlango wa gesti
kwa kuwa komeo lilikuwa la urembo.
Hayo hakuyasema siku hiyo.
Niliyajua baadaye,
kwa jinsi alivyonisimamia nilipofika kwenye komeo.

Nikavuta futi kamba. Mita nne na robo kwa mbili.
Kijana wangu Nampoto keshavaa kofia ya kuchomelea,
tayari kuligandisha sanduku na chesisi
kama ukoko na sufuria.
Nikamwambia zima.

Sikiliza, nikasema, na nilisema na wote wawili:
gari hili likishuka mlima kwenda Masasi,
gurudumu moja shimoni, jingine juu ya jiwe,
chesisi hujinyonga kama kanga inayokamuliwa.
Chuma cha gari kimezaliwa kujinyonga.
Nyumba haikuzaliwa hivyo.
Zifunge kona zote nne kwa ukali,
hamfiki Nagaga plaiwudi imepasuka
na dirisha limekutemea vioo kitandani.

Basi pointi tatu.
Mbele, bolti mbili, nilizikaza mpaka zikalia.
Nyuma, bawaba moja, katikati,
na chini yake mpira niliouchonga kwenye tairi la trekta.
Ibane, halafu acha icheze kidogo.
"Kidogo kiasi gani?"
Kiasi cha kidole kulala.
Akakilaza chake pale, chembamba,
chenye wino wa miaka usiotoka kwa sabuni.

Mninga kwa fremu, bati kwa paa.
Huku juu maji ni mali:
nikamwekea pipa la lita mia mbili chini ya kitanda,
mbele kidogo ya ekseli,
maana uzito ukikaa nyuma gari hunyanyua pua
na usukani ukawa mwepesi kama ahadi.

Kupima tulikwenda ghala la ushirika.
Mizani ya pale mwisho wake kilo mia tano,
tukapima kona kwa kona, jeki huku, gogo kule,
Nampoto akijumlisha kwa mkaa ukutani.
Nyuma kushoto ikazidi. Kilo hamsini na nne.
Tukarudia. Hamsini na nne.

Somoe akapanda ndani bila neno,
akaanza kutoa madaftari.
Ya minada yote, yamefungwa kwa kamba za magunia.
Rangi haijakauka, naye keshahamia.
Hakuna aliyemwambia ayaache.
Tukayapeleka mbele, kulia,
na mizani, iliyomjua kabla yangu, ikatulia.

Usiku wa mwisho alilala humo, uani kwangu.
Nilikesha nikiisikiliza kazi yangu.
Alipogeuka sanduku liliguna mara moja,
mpira ukaimeza sauti.
Nikasubiri komeo.
Nilisubiri mpaka jogoo wa jirani akakosea saa,
sikusikia kitu.

Asubuhi nikamuuliza, halikufunga?
"Linafunga," akasema. "Nililijaribu mchana."

Akawasha. Pale kwenye shimo la kwanza, mbele ya mashine ya kusaga,
Fuso ikajinyonga,
na nyumba ikafuata nyuma, kwa kuchelewa kidogo,
kama mtu anayekubali jambo
baada ya kulifikiri.