Imetoka Wapi?

Alhamisi, saa nne, ghorofa ya tatu, hapa Łódź,
ndani ya kilichokuwa kiwanda cha pamba
kabla mashine hazijanyamaza.
Mvuke unanguruma mabombani.
Tumeketi juu ya ndoo zilizopinduliwa,
kila mtu na chake mbele yake,
kama wachuuzi waliokwisha kumwaga bidhaa
na sasa wanaviziana na jicho la mteja.

Profesa Hiacynta hana maswali mengi. Analo moja:
"Imetoka wapi?"
Halafu anakunja mikono,
na ukimya wake una meno.

Jagna anafuma. Anafuma ile miaka thelathini na mmoja
ambayo bibi yake alisimama humuhumu, nguzo ya saba;
mstari mmoja kwa zamu moja,
kijivu kwa siku ya kawaida,
nyekundu kwa siku aliyoumwa akaja hivyo hivyo.
Amefika mwaka wa nne.
Tayari ni mzito kuliko mtoto mchanga.
Anatupitishia tuupakate. Tunaupakata.

Kajetan kaja na mfuko wa mkate.
Ndani, kichwa cha dada yake, vipande kumi na tisa:
tanuri lilimpasua usiku wa Jumanne.
"Nilipanga kulia," anasema, "ila tazameni sikio."
Sikio limetoka zima, dogo, lina tundu la hereni.
Tunapokezana sikio,
na Bogumił, asiyemsifu mtu bure,
analinong'oneza jambo tusilolisikia.

Bogumił mwenyewe huchora pumzi za watu
kwenye vioo vya tramu; penseli, mgongo wa risiti.
"Imetoka wapi?"
"Tramu namba kumi. Nilipitiliza kituo."

Kisha mimi.

Turubai langu ni mita mbili, jeusi tii,
na mstari mmoja, mweupe pe,
toka chini hadi juu, umenyooka.
Wanausogelea. Wanausoma.
Jagna anaona ukimya. Kajetan anaona mlango.
Mwingine, kwa adabu, anataja mauti.
Nami mwenye ulimi wa kukopa naitikia, ndiyo, ukimya,
nikiongeza maneno niliyookota maktabani,
utupu, ukomo, nuru inayojikana,
marefu kama ngazi isiyo na nyumba.

Profesa anainama. Kidole chake kwenye pindo,
pale chini, penye alama ya njano,
nusu ya kiganja.
"Na hii?"

Hiyo ni glavu ya baba. Niliiazima.

Baba hupaka mistari ya barabara. Usiku,
magari yakipungua, kati ya hapa na Pabianice.
Nina miaka sita, mama yuko hospitali,
alinichukua ndani ya lori, akanifunika koti,
nikamwona akitembea kinyumenyume gizani
na weupe ukimfuata kama mbwa aliyefunzwa.
Kulipokucha nyusi zake zilikuwa nyeupe. Nilicheka.
Baadaye shuleni walipouliza kazi ya baba
nilisema: mhandisi.

Haya yote niliiambia ndoo, si watu.
Profesa hakusema vizuri wala vibaya.
Alisogea kwa anayefuata,
mvulana wa nyuki na nta, simkumbuki vyema,
masikio yangu yalikuwa yanawaka.

Jioni nikampigia baba. Nikamtumia picha.
Akanyamaza muda wa kumaliza sigara.
"Umepaka mara ngapi?"
"Mara mbili."
"Haitoshi, mwanangu. Baridi itaula."
Kimya tena. Nikasikia anasogeza simu karibu na miwani.
"Halafu umepinda. Huku juu, kushoto. Si sana."

Nikarudi karakana na uzi na tochi,
nikapanda juu ya ndoo, nikapima.

Umepinda.
Si sana.