Inazima Ikikata Kushoto

Semkiwa aliisukuma toka Chuda hadi kwangu,
Barabara ya Kumi na Tano, jua la saa saba,
jasho limemchora ramani mgongoni.
"Inazima," akasema. "Ikikata kushoto tu.
Kulia inakwenda kama kawaida."
Tangi jekundu; alipoinunua mkononi kwa mtu
lilikuwa jeusi.

Wenzake wa kijiweni walishaihukumu:
mmoja kasema betri, akauziwa betri;
mwingine koili, akauziwa koili;
wa tatu kamshauri aipeleke Pongwe ikasomewe,
maana kushoto ndiko anakoishi mtalaka wake
na pikipiki, kasema, haisahau.

Nikamwambia, umeme hauna mtalaka.
Umeme ni mtoto anayetumwa dukani:
akiona njia ya mkato ataipita,
ukimkatia njia atakaa palepale,
hafiki wala harudi.

Fyuzi nzima. Betri, volti kumi na mbili na nukta sita.
Plagi nikaichomoa, nikaigusisha kwenye injini,
nikamwambia, piga kiki.
Cheche ya buluu, nyembamba,
yenye sauti ya mtu anayefyonya.
Nikaushika usukani, nikaukunja kushoto.
Piga tena.
Kimya.

Basi. Ugonjwa uko shingoni,
pale nyaya zote zinapopita pamoja
zikipinda kila kona,
na Ngamiani hii kila barabara inakatwa na barabara.

Nikafungua taa ya mbele. Chumvi imeota kwenye soketi,
kijani kama ukoga wa pipa:
hewa ya hapa hula shaba watu wakiwa wamelala.
Nikachukua testa yangu, balbu ya indiketa na waya mbili,
ncha moja kwenye bodi, ncha ya pili ikitafuta,
waya kwa waya, kama mtu anayechambua mchele.
Mweusi wenye mstari mwekundu: balbu ikawaka.
Nikakunja kushoto, ikafa.
Nikakunja kulia, ikafufuka.
Semkiwa akapiga kofi pajani.
"Nimeukamata," nikasema, nikauvuta nje.

Hapo ndipo nilipouona utepe.
Umeviringishwa mara nne,
ncha yake imekunjwa pembe kama sambusa
ili atakayekuja kuufungua asihangaike.
Tanga nzima namjua mmoja tu anayekunja hivyo.

Mwaka juzi, siku mbili kabla ya Idi,
foleni ya pikipiki hadi kwa muuza mkaa
na simu ya Bombo inaita, inaita:
mama kahamishiwa wodi nyingine.
Nilisokota shaba kwa vidole. Sikulehemu.
Nilisema nitaurudia.

Semkiwa alikuwa anachungulia begani kwangu.
"Fundi gani huyo aliyefanya hivi?"
"Mwenye haraka," nikasema,
nikapasha pasi ya kulehemu.

Nikauchuna waya hadi kwenye nyuzi safi,
nikazikutanisha, risasi ikayeyuka ikanywea,
moshi ukaniingia jicho la kulia, hilo moja tu.
Nikaviringisha utepe mpya.
Nilipofika mwisho, mkono ukakunja pembe wenyewe.

Akatoa elfu kumi.
Nikasema, weka.
"Shika basi hata ya maji, dada."
Nikasema, weka, Semkiwa.

Akaondoka kulia, kisha kushoto,
kisha kushoto tena, makusudi,
akalizunguka banda langu kama anayeposa,
honi haiachii.

Jioni wakaja watatu kutoka kijiweni kwake.
Wamesikia Barabara ya Kumi na Tano kuna fundi wa kike,
ana roho nzuri, halipishi.

Nikawatajia bei.