Neno Linalotangulia Jina

Sista Ernesta alinifukuza na mwiko
siku alipozikuta kokwa za fyulisi mfukoni mwangu.
*Povero te!* alipiga kelele.
Mama, bila kugeuka, akiwa kwenye jiko la kuni:
"Hiyo ni *ole wako*. Kimbia."

Basi nililijua neno kwa unyayo kabla ya sikio,
nikiteremka Tosamaganga mwezi wa sita,
ukungu umelalia paa la misheni kama kuku mayai,
sweta langu limefumuka kwapani.

Miaka kumi na tisa mama aliwapikia masista.
Alikanda tambi. Alisema *basta* maziwa yakipanda sufuriani,
na maziwa yalimtii.

Kisha siku moja, nyuma ya mlango wa stoo,
nikamsikia Sista akimwambia mgeni, *Povera Gaudensia*,
akitikisa kichwa polepole.
Mwaka ule baba alikwenda kupasua mbao Mafinga.
Zikaja salamu, halafu hata salamu zikakoma.

Nikaiba kamusi ya padre, jalada limeliwa na panya.
*Povero*: maskini, fukara, asiye na kitu.
Asiye na kitu!
Na ekari mbili za mahindi kule Kalenga?
Na mbuzi watatu, mmoja ana mimba?
Na bati saba chini ya kitanda, zinangoja nyumba?
Nikamfuata Sista bustanini, pua inanitoka kamasi:
"Mama yangu si fukara."

Hakucheka. Akafuta udongo mikononi.
"Neno likikaa nyuma ya mtu," akasema,
"*donna povera*, linampekua mifuko.
Likitangulia, *povera donna*, linamshika mkono."

Njia nzima nilibishana naye kimoyomoyo,
hadi darajani nikajishika:
mbona tunalo?
*Mama maskini*: hata chumvi anakopa.
*Maskini mama*: mvua imemnyea njiani na kuni zake.
Lugha mbili ambazo hazijawahi kuamkiana
zimepanga foleni kwenye bomba moja.

Hata hivyo sikupenda.
Huruma nayo ina kimo;
anayeitoa husimama kwenye jiwe la juu,
na mawe kwetu hayana upungufu.

Magoti yalimrudisha Sista kwao.
Mama alifariki Machi, mahindi yakiwa yanabeba.
Niliandika kwa Kiitaliano cha jikoni,
sentensi tatu, mbili zina makosa.
Jibu nililifungulia posta ya Iringa, nimeegemea ukuta:
*La povera Gaudensia mi faceva tanto ridere.*

Hata kaburini? Hata kaburini mnamwita hivyo?
Nikaikunja barua mara nne, ikawa ndogo kama kibiriti.

Padre Dismas wa Kihesa, aliyesoma kule,
aliikunjua juu ya goti lake.
"Huko," akasema, "aliyekufa huitwa hivyo.
Hata tajiri. Hata mwenye viwanda.
Soma tena."

*Marehemu Gaudensia alikuwa akinichekesha sana.*

Alikuwa akimchekesha! Sikuwahi kujua.
Kwetu nyumbani alichoka tu.
Miaka yote nililinda mfuko wa mama
nisijue kuwa jikoni kulikuwa na vicheko,
vya wanawake wawili na unga mpaka kwenye nyusi.

*Marehemu* nalo hutangulia jina.
Lakini letu linamwangalia Mungu, linaomba;
lao limebaki palepale mlangoni pa stoo,
linatikisa kichwa.
Sijui lipi lingempendeza.
Nikiwa peke yangu namwita jina tupu,
halina kitu mbele, halina kitu nyuma.

Jana maziwa yalipanda sufuriani.
*Basta*, nikayaambia.
Yakamwagika.