Haja Ndogo

Haja ndogo, ndivyo tunavyoiita.
Nani aliipima, akaiona ndogo?

Nilianguka Naryn, theluji ya kwanza,
tukigombania mzoga wa mbuzi juu ya farasi.
Farasi aliinuka.
Tangu hapo, chini ya chuchu, mwili wangu
ni nyumba ya jirani: naiona, siisikii.

Wiki za mwanzo walinitundikia mfuko kitandani.
Shemeji zangu walipokuja na mkate na siagi
niliufunika kwa kofia yangu ya sufi.

Kisha akaja Gulbarchyn, muuguzi, mikono mipana
ya mtu aliyekamua farasi majike tangu utotoni.
Akapanga mezani sabuni, maji, kikopo chenye mistari,
na mpira mwembamba kama bua la shayiri.
"Nawa. Tena. Na katikati ya vidole.
Sasa sukuma polepole.
Mlango ukigoma usiuvunje. Vuta pumzi, ungoje."

Mimi niliyezalisha kondoo gizani,
mkono hadi kiwiko,
nilitetemeka mbele ya mpira.
Mara ya nne mlango ukafunguka,
mkojo ukaingia kikopo kwa sauti
niliyokuwa nimeisahau.
Mililita mia nne na ishirini. Akaandika.
Nikalia kidogo. Tukasingizia sabuni.

Saa kumi na mbili, saa nne, saa nane,
tena kumi na mbili, tena nne.
Baba aliposikia ni mara tano kwa siku,
na kunawa kwanza,
akatikisa kichwa: "Hiyo naijua."

Usiku mmoja nilipitiwa na usingizi.
Nikaamka kichwa kinapasuka, jasho usoni,
vinyweleo vya shingo vimesimama.
Daktari Sooronbai akanikaripia:
"Kibofu kimejaa! Waya wake umekatika,
kwa hiyo kinakurushia mawe dirishani.
Ukiyapuuza, utakufa."
Sasa jasho likinitoka wakati wa baridi
siulizi hali ya hewa.

Kidonge cha kukituliza hunikausha ulimi.
Uulkan, mke wangu, hunipa kipande cha mtindi mkavu ninyonye,
na hutazama saa kuliko anavyonitazama mimi.
Hilo bado hatujalizungumza.

Harusi ya mpwa wangu, saa nane mchana,
nilining'iniza mkoba wa tandiko kwenye kiti cha magurudumu,
nikalipita hema, nikawapita farasi waliofungwa.
Vijana wakauliza naenda wapi.
"Haja," nikasema.
Sikuongeza ndogo.